Zuhura, Sikukufundisha Mteremko

Mwanafunzi wangu Zuhura,

Nimesikia uko Dumila kwa shangazi yako, unauza vitunguu kando ya barabara, na kwamba hata kupanda gari hutaki tena. Naiandika barua hii wazi, waisome na wengine, maana nilikukosea mbele za watu.

Ulikuja kwenye chuo chetu cha udereva hapa Morogoro mjini ukiwa na miaka kumi na minane, umetoka kumaliza kidato cha nne, lena yako, ile leseni ya kujifunzia, umeifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. "Shikamoo mwalimu," ulisema, halafu papo hapo ukaniuliza ni siku ngapi mpaka uweze kuendesha pikapu ya baba yako, kuleta ndizi sokoni kutoka Matombo. Nilicheka. Gari la mazoezi lilikuwa moja, nanyi mlikuwa saba. Kila asubuhi kila mmoja alipata mizunguko miwili kwenye uwanja tambarare, akashuka, akakaa kuwatazama wenzake. Kwenye fomu niliandika kwamba kila mtu ameendesha saa nzima. Niliandika hivyo kwa wote, miaka yote.

Milima ya Uluguru tuliiona vizuri kutoka pale uwanjani. Wewe peke yako ndiye uliyeuliza, "Mwalimu, kule tutakwenda lini?"

Nikakujibu, "Hayo utajifunza hukohuko, ukishapata leseni."

Siku ya mtihani ulizunguka uwanja mara moja, ukarudi nyuma katikati ya vigingi bila kugusa hata kimoja. Ukaambiwa umefaulu. Mama yako alikuwa amekuja kukusubiri. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Ahsante kwa kunifundishia mtoto." Nikaipokea shukrani ile.

Mwezi haukuisha. Mlikuwa mnatoka Matombo, pikapu imejaa ndizi, mama yako amekaa pembeni yako, mvua imetoka kukatika. Kwenye mteremko wa kushukia Mkuyuni ulikanyaga breki tangu juu, ukaendelea kuikanyaga, kwa sababu kule uwanjani ndivyo gari linavyopunguzwa mwendo. Hakuna aliyekuambia uweke gia nzito, injini ilishike gari. Breki zikachemka, zikaacha kushika. Gari likapindukia korongoni. Wewe ulivunjika mkono. Mama yako, Mungu amrehemu, hakufika hospitali.

Mahakamani niliitwa kuwa shahidi. Nikaulizwa kama nilikufundisha kuendesha mlimani. Ulikuwa umesimama kizimbani, mkono umefungwa plasta, unanitazama kana kwamba nitakusaidia. Nikasema, "Nilimfundisha kila kinachotakiwa kwenye mtihani." Hakuna uongo katika maneno hayo, ndiyo maana yalinitoka kirahisi. Ukatiwa hatiani, ukapewa kifungo cha nje. Mimi nikarudi kazini mchana uleule. Kundi jipya lilikuwa linanisubiri.

Baadaye nilimwomba mwenye chuo tuwe tunawapeleka wanafunzi milimani, hata mara moja tu. "Mtihani hauna mlima," alinijibu, akaendelea kula. Nami nikakaa pale mwaka mwingine mzima, nikisaini fomu zilezile za vijana wa umri wako. Hilo nalo ulijue.

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Juzi nikaenda Matombo kwa baba yako, nikamweleza yote, mpaka zile saa za uongo nilizojaza. Nimemwachia maelezo yangu yenye saini. Ukitaka kuyapeleka mahakamani, nitasimama niyaseme kwa mdomo wangu.

Baba yako hakunifukuza, wala hakunikaribisha ndani. Akasema, "Mimi siku ya arobaini nilimwambia amemuua mama yake."

Nilikuwa nimeshainuka kuondoka aliponiita. "Mwandikie wewe, mwalimu. Mimi sijui nianzie wapi. Mwambie arudi nyumbani."

Sikuombi msamaha, Zuhura. Ukinichukia una haki, na sitakuja kukusumbua huko uliko. Lakini baba yako amezeeka ghafla, na analala peke yake katika nyumba ile. Nenda.

Niliyekuwa mwalimu wako.