Hapa Kila Kitu Ni "Home"

Uingereza,
Jumapili baada ya kanisa

Kwako Boke wangu, mama Ochieng,

Nakusalimu wewe na wote mlioamka salama hapo kwetu. Ochieng amepona ile homa? Na miguu ya Baba, imepungua au bado imevimba? Mimi mwili mzima, ila moyo hauko mahali pake. Usishtuke kuona karatasi. Simu yako, mpenzi, kila nikipiga inawekwa spika, na kabla hatujamaliza salamu imeshafika kwa Mama, kwa ndugu yangu Omondi, hadi kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya nataka uyasome peke yako kwanza. Nimempa barua dada mmoja wa Rongo tunayefanya kazi naye, anakuja likizo. Yeye karatasi zake ziko sawa.

Kazi ni ile ile ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawalisha, nawasikiliza. Jengo lenyewe linaitwa "home", limeandikwa hivyo langoni kwa herufi kubwa. Hakuna mzee hata mmoja aliyezaliwa humo wala kulea mtoto humo, lakini ndiyo home. Hiki kineno kimenichosha, Boke. Sisi tulikijua kwa maana moja. Nilipokuwa Nairobi, mtu akiniuliza, "Home ni wapi?" sikuthubutu kumwambia Kayole, angenicheka. Nilimwambia Kendu Bay. Kayole ilikuwa nyumba tu, ya kulipia kodi.

Hapa wamekibebesha kila mzigo. Pale unapobonyeza simu irudi mwanzo ni home. Timu ikicheza kwenye uwanja wake iko home. Mbwa aliyeokotwa barabarani akipata wa kumlisha, wanasema amepata home, wanampiga na picha. Kazi anazopewa Ochieng shuleni zina home mbele yake. Mzee wetu akifariki, pasta anasema amekwenda home. Sikukuu iliyopita msimamizi alituletea keki, akatuambia tujisikie at home, kisha akatugawia zamu. Na mwenzangu mmoja wa hapa hapa alirudi kutoka likizo ya baharini, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Nothing to write home about." Yaani si jambo la kuwaandikia watu wako. Nilimtazama sana. Mimi hata nikila ndizi ya duka, ambayo haina ladha, natamani kukuandikia, kwa maana nakumbuka zile ulizokuwa ukishusha kutoka Kehancha pale sokoni Rodi Kopany, ukinigombeza mbele za watu: "Wewe Mjaluo, unabonyeza ndizi ni kama unapima mgonjwa! Nunua ama utoke!" Nilinunua, na ona ulipofika.

Lakini katika home zote hizo, hakuna hata moja ambayo ni dala, boma la mtu mwenyewe. Na dala ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Wewe umeolewa kwetu muda wa kutosha, unajua. Mpaka leo tunalala kwenye simba, kile kibanda cha kijana ndani ya boma la baba yake. Siku ya kwanza nilipokuambia tutalala ndani ya simba ulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa mtoto wetu anaenda shule na bado tuko humo. Mwanamume wa kwetu hawi na dala yake kwa kujenga tu. Lazima baba yake amtangulie alfajiri, mwana mwenyewe na shoka, mtoto wake wa kwanza na jogoo, mkewe na moto, mpaka mahali palipochaguliwa, na baba ndiye anayesimamisha mti wa kwanza. Baba alishapachagua, kule juu ya barabara, na amesafisha majani kwa mkono wake. Omondi naye hawezi kutoka kwenda kwenye dala yake kabla yangu mimi mkubwa. Baba akifa, baba mdogo atasimama badala yake, hiyo inaruhusiwa. Lakini unakumbuka alivyosema baada ya daktari wa Homa Bay kumwambia moyo umechoka. Alisema anataka kuifanya kazi hiyo mwenyewe, miguu yake ikiwa bado juu ya udongo.

Sasa sikia. Siji. Pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji tangu nilipoomba kuongezewa kibali. Nilipowaomba wanirudishie nije mara moja tu, walijibu kwa adabu kwamba naweza kuichukua, ila nikivuka mpaka ombi langu limekufa, na kazi nayo imekwenda. Nikauliza jibu litatoka lini. Wakasema ningoje. Nikiacha kazi hii, dawa za Baba zinatoka wapi? Msimamizi wangu ni mama mwema, alinishika bega akaniambia, "But this is your home now." Nilikwenda kukunja mashuka.

Kuna mzee mmoja, Harold, zamani alikuwa dereva wa treni. Kila jioni anavaa koti na kofia, anachukua mfuko wake, anasimama mlangoni. "Take me home, son." Nyumba yake iliuzwa zamani na mkewe yuko kaburini. Tulifundishwa tusibishane na wagonjwa kama hao. Unamshika mkono, unamwambia, "Tomorrow, Harold. Tea first." Anakunywa chai, anasahau, kesho anavaa koti tena. Mwanzoni nilikuwa naumia. Siku hizi maneno yanatoka yenyewe.

Jumapili iliyopita, ulipompa Baba simu, aliniuliza, "Wuoda, ibiro karang'o?" Mwanangu, unakuja lini? Nikasikia mtu akimjibu kwa sauti tamu ya kubembeleza, "Hivi karibuni, Baba. Kunywa chai kwanza." Boke, mtu huyo alikuwa mimi. Na Baba hajapotewa na akili. Nikasikia kikombe kikigonga kisahani. Alikunywa. Baba yangu hajawahi kuamrishwa na mtoto wake, lakini alikunywa, ili mimi nisione aibu.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimejaribu kumpigia nimwambie ukweli, nikisikia sauti yake naanza kuuliza habari za mvua. Nakuomba unisaidie. Keti naye, mwambie siwezi kuja, na kwamba sijui ni lini nitaweza. Usimwambie kesho. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kama miguu itakubali, mpelekeni pale juu yeye na Ochieng, amwonyeshe mtoto mti wa kwanza utasimama wapi. Najua hiyo si kufungua dala, na wazee watasema haihesabiki. Mimi sina kingine cha kutoa.

Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyofuma ndiyo naivaa. Omondi mwambie anivumilie, najua nimemzibia njia. Mama mkwe kule Kehancha mpe heshima zangu. Ochieng mbusu, asome.

Na yule jogoo mwekundu aliyetengwa na Baba kwa ajili ya siku yetu. Nasikia amezeeka, anawika ovyo, na kila mgeni akija Mama anamtolea macho. Tafadhali, msimchinje.

Ni mimi mume wako,
Baba Ochieng