Biskuti za Oti za Marehemu Baba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kwanza nakujulia hali huko ndani, kwenye eda. Miguu imepungua kuvimba? Unakula, au unachezea chakula tu? Mimi mwili mzima, ila joto la huku Omani linachemsha, na moyoni sina nafuu ya kukueleza. Kaka Siraji, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma yote kama nilivyoandika. Usimpunguzie yeye, na mimi usinihurumie tena.

Mama, nimeshajua kwamba Baba hayupo.

Aliyeniambia ni Hadija, na msimlaumu. Yule mwenzangu wa Malaba aliyemaliza mkataba, niliyempa kopo la biskuti awaletee. Alifika akakukuta umejitanda leso nyeupe, majirani wamekaa mkekani, akadhani binti wa nyumba lazima ana habari. Akanitumia sauti kwenye simu: "Pole sana dada yangu. Nimekuta mama kwa eda. Kumbe mzee alienda kitambo na wewe hukuniambia?"

Nilikuwa jikoni, trei imo kwenye oveni. Nikazitoa biskuti, nikazipanga kwenye waya zipoe, moja moja, kama kawaida. Ndipo nikakaa sakafuni nikalia, mpaka bibi mwenye nyumba, yule mgonjwa wa sukari ninayemhudumia, akaja na mkongojo wake kuuliza kafa nani. Nikamwambia Baba. Akauliza lini. Mtoto anaulizwa baba yake alikufa lini, anasema sijui.

Huyu bibi ndiye aliyenifundisha kuoka biskuti za oti, ile nafaka ya uji wa Kizungu. Mwanzoni niliikanda na hamira kama unga wa maandazi yako, nikaifunika nikisubiri iumuke. Ikakataa katakata, ikalala pale, nzito kama ugali wa jana. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kumbe oti haikandwi. Unaisaga kidogo, unaimwagia mtindi, unaiacha inywe, kisha unatia ndizi mbivu iliyopondwa, yai na mdalasini, basi. Sukari hata chembe. Nikamkumbuka Baba palepale, dereva mzima aliyepeleka trela toka Mombasa hadi Juba bila kuogopa mtu, lakini anakuibia maandazi kwenye karai ukigeuka, halafu daktari akimpima sukari anaapa kwamba hajagusa kitu kitamu. Nikasema, leo nimempatia dawa huyu mwizi wako.

Kopo la kwanza alilila mwenyewe. Hilo nina hakika nalo, maana nilimsikia kwa masikio yangu: "Zaituni, hii si chakula ya farasi hii? Mama yako nasema nikule, mimi nakula. Lakini iko tamu kidogo. Leta ingine." Nilicheka siku nzima. Leo nashukuru kwamba hiyo "kidogo" ilikuwa ya kweli.

Kopo la pili lilipofika, Baba alikuwa amekwisha kuzikwa kwenye makaburi ya Lunyo. Nikapiga simu. Kaka akasema, "Mzee nalala." Nikapiga tena, "Mzee nakwenda Tororo." Mara simu yake imeingia maji. Nikaamini, maana Baba na simu walikuwa maadui tangu zamani. Ndipo nikakuuliza wewe, Mama, amezionaje biskuti. Ukasema: "Baba yako nasema iko mzuri, lakini iko ngumu. Meno yake nauma. Na utie chumvi kidogo."

Mama, nilihangaika na maneno hayo! Nilizidisha mtindi, nikailoweka oti kwa muda mrefu zaidi, nikapunguza moto, chumvi nikaionja kwa ncha ya ulimi mpaka nikaridhika. Lile kopo la Hadija ndilo lilikuwa na hizo laini. Kuzikwa bila mimi sikulaumu. Maiti ya Mwislamu haimsubiri msafiri. Kinachoniuma ni kwamba nyinyi huko mlikuwa mnamwombea Baba dua, mimi huku nasaga oti naimba.

Najua ndivyo tunavyofanya kwetu. Aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Anafichwa mpaka afike, aambiwe akiwa ameshikwa mikono. Kaka aliogopa nisichanganyikiwe nikaunguza nyumba ya watu. Nia njema, sikatai. Lakini aliyenishika mikono ni nani? Bibi wa watu, naye mkono mmoja una mkongojo.

Nimeyawaza sana maneno yale ya meno. Siraji hana akili ya kuyatunga. Biskuti zilikuwa ngumu kwa meno yako wewe. Ulikuwa ukizila peke yako ndani ya eda, huku unalia, kisha nikipiga unanipa majibu ya mdomo wako kwa jina lake. Nakasirika, Mama, nakasirika kweli, halafu nikifika hapo hasira inakatika na machozi yanaanza upya.

Ruhusa nimeomba, wamesema mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Kifua chako nakijua. Siku ukiugua, niambiwe siku hiyohiyo, nilie hata kama nimesimama peke yangu jikoni kwa watu. Mkinificha na la kwako, sitakuwa na nyumba ya kurudi.

Mpe pole Shangazi Mwanaidi. Amempoteza kaka wa pekee, na najua hajui kunyamaza akilia. Mama Nekesa, jirani anayevuka mpaka kila asubuhi toka upande wa Kenya na beseni lake la samaki, Mola amlipe kwa kukaa nawe. Hadija akija tena mpeni chai, asione aibu.

Kaka, usiikunje barua, zamu yako bado. Kila nilipopiga nilikwambia, "Mpe Baba salaam zangu," na kila mara ukanijibu, "Zimefika." Hazikufika. Zote unazo wewe. Ijumaa hii panda boda uende Lunyo, usimame kaburini kwake, umpe.

Ni mimi binti yenu,
Zaituni