Jambo Asilomwandikia Mama

Kisiwa cha Bumbire, Muleba
3 Machi 1987

Bibi Zabibu, shikamoo. Nawasalimu wewe na mama. Mimi si mzima sana. Nimekonda hadi wavuvi wenzangu hawali nami sahani moja. Wanasema ni Juliana, huu ugonjwa wa kukonda unaotumaliza. Nami nimekubali. Mwambie mchumba wangu Kokubanza asinisubiri.

Mjukuu wako,
Hamidi

Rwamishenye, Bukoba
20 Machi 1987

Mume wangu Hamidi, marahaba. Sisi wazima, ila mama yako hali wala halali. Kokubanza sijamwambia kitu. Daktari gani kakupima, au umepimwa na wavuvi? Kuna jambo unaficha. Kama kwa mama yako ni aibu, niandikie mimi. Bibi na mjukuu hawaoneani haya. Nasoma mwenyewe, kisomo cha watu wazima hakikupotea bure.

Bibi yako

Bumbire
11 Mei 1987

Bibi, shikamoo. Habari za hapo? Nimechelewa kujibu kwa aibu. Korodani ya kulia imevimba tangu Idi Kubwa, ngumu kama kokoto, wala haiumi. Nilidhani ngiri, kisha nikaona ndiyo hiyohiyo Juliana. Mama asijue.

Mjukuu wako

Rwamishenye
19 Mei 1987

Waitu jamani, mume wangu, leo sina salamu ndefu. Babu yako alipata uvimbe kama huo. Tulikuwa vijana, nikaona haya, nikamwambia asimwonyeshe mtu. Mwaka haukuisha nikamzika. Najilaumu mpaka leo. Panda mtumbwi wa kwanza, utanikuta Muleba kituo cha basi.

Bibi yako

Mwanza, hospitalini
30 Juni 1987

Bibi, shikamoo. Natumaini ulirudi salama. Ile korodani wameiondoa na majibu yametoka: ni saratani. Damu nayo wamepima, Juliana sina. Nililia, sijui kwa furaha au kwa hofu. Imeshagusa tumboni, kwa hiyo naanza dawa za kutundikiwa. Daktari anasema wengi hupona, ila hakuniahidi. Kokubanza aambiwe yote, hata kwamba nimebaki na moja. Achague mwenyewe.

Mjukuu wako

Rwamishenye
8 Julai 1987

Mume wangu, pole sana, kupasuliwa si mchezo. Nimemwambia Kokubanza yote bila kumung'unya. Akamenya ndizi mpaka zikaisha. Kisha akauliza meli ya Mwanza inaondoka lini. Nikamwambia Ijumaa, tarehe kumi na saba. Baba yake amekataa katakata. Kapu lake la nguo liko uvunguni mwa kitanda changu tangu jana.

Bibi yako