Nyumba ya Mholanzi Ukutani Kwetu

Jumapili, Nyamianda. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza, na hasira niliyonayo haijaniisha. Naandika hapa kwenye blogu kwa sababu mdomo umekataa.

Neema, mjukuu wangu anayesomea ujenzi, amenionyesha kwenye simu michoro ya zamani ya Waholanzi. Ni majumba ya matajiri huko mashambani, yamechorwa kana kwamba mtu anayatazama kutoka juu, bustani na miti vimenyooka mistari. Maelezo yanasema matajiri walichoresha hivyo kuonyesha amani na utulivu wao. Anataka kuchapisha mmoja autundike sebuleni.

Nimeipiga ile simu ikaanguka sakafuni. Neema amejifungia chumbani analia, hajui kosa lake.

Mchoro kama ule naujua. Baba alikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, wa Mholanzi mwenye mashamba ya pamba karibu na Sange. Uhuru ulipofika, mzungu akakimbilia ng'ambo ya mto Ruzizi, na baba akaleta mchoro wake nyumbani. Si kwa kumkumbuka bwana, hata kidogo. Alisema sasa na sisi tutajenga hivyo, na mihogo akaipanda kwa kufuata kamba ili inyooke. Alipoutundika, mimi ndiye niliyemshikia msumari.

Kisha waasi wakaja. Wiki ile ndege za serikali zilikuwa zimeua wenzao barabarani. Kiongozi wao akautazama ukuta, akaona njia zilizonyooka, miti, paa, akadhani ni ramani ya kuongozea ndege.

"Hii iko karte ya ndege! Ni weye unaziita zikuye kutupiga!"

"Hapana, mutoto wangu," baba akasema. "Iko nyumba ya Ulaya."

Walimvunja meno kwa kitako cha bunduki, wakamtafunisha ile karatasi mpaka akaimeza na damu yake. Wakamburuta hadi kwenye mihogo na kumkata kwa mapanga, mama akiwashika miguu. Nilisikia kila pigo.

Amani na utulivu!

Nawachukia waliomuua mpaka leo. Namchukia na yule mzungu, aliyeacha nyumba yake ukutani akaondoka mzima.

Neema ameambiwa kwamba baba yangu alikufa kwa homa. Ndivyo tulivyosema wote, maana baadhi ya waliomkata tulirudi kusali nao.

Kesho, kabla hajaenda chuoni, nitamkalisha nimweleze yote. Akitaka bado kuutundika, nitamshikia msumari.