Magoti Yaliyokosa Grisi

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Baiskeli tatu leo. Moja rimu imepinda, nimeinyoosha kwa jicho tu. Mtaa mzima wa Kanyenye fundi mwingine wa hivyo hakuna. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Wiki ya tatu sasa. Daktari alisema damu yangu ina mafuta mengi, yataziba moyo. Damu ya mtu aliyekula akashiba. Mapaja yanauma kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti
Kuchuchumaa shida. Kuinuka shida zaidi. Nimeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Mimi, mjukuu wa mtu aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi. Nimefikiri kifundi. Kidonge kinaondoa mafuta. Ekseli bila grisi inasaga gololi. Basi magoti yamekauka. Simwambii mtu.

Ijumaa, 8 Agosti
Samli ya Nzega, vijiko vitatu, kisha kidonge juu yake. Kimoja kitoe, nyingine irudishe. Msikitini sikwenda. Nimeswali nyumbani, nimekaa kitako. Mke wangu Mwajuma kaniona. Kajifunga kanga, katoka kwenda stendi ya basi. Mwajuma akitoka bila kuaga kuna jambo.

Jumapili, 10 Agosti
Barua ya mwanangu Ramadhani, yuko kijiji cha ujamaa. Mwajuma kampelekea habari kwa dereva wa basi kwamba siwezi kuinuka, na jibu limerudi kwa basi hilo hilo. Anasema nifunge karakana, anakuja kunichukua nikapumzike kwake. Kupumzika maana yake kukaa kibarazani kutazama kuku wa watu. Sitaki. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halina msomaji.

Jumanne, 12 Agosti
Samli imekwisha, miguu ndiyo kwanza mizito. Mwajuma kamwita Kondo, Mzaramo, anagawa dawa hospitalini. Mtu mwingine ningemfukuza. Mtani hafukuzwi. Babu zetu wametukanana tangu enzi za misafara.
Hakunisalimu. Kaishusha baiskeli yangu ukutani, kaijaribu kengele, kamuuliza Mwajuma sanda iko wapi.
"Mnyamwezi ameanza kufa kwa miguu," akasema. "Baiskeli hii urithi wangu."
Nikataka kumrukia. Sikuweza kuinuka. Nikacheka, halafu nikalia. Nikamwambia yote, na samli pia. Akaacha mzaha.
"Magoti yako hayana kosa, mzee. Ni misuli. Dawa ile baadhi ya watu huwafanya hivyo. Kesho twende kwa daktari."

Jumatano, 13 Agosti
Kanipeleka kwa baiskeli yangu mwenyewe, mimi nimekaa kwenye keria kama gunia la karanga. Njia nzima anawaambia watu amebeba maiti inayoongea. Daktari kapima damu na mkojo. Kasema dawa hii nisiimeze tena, maumivu yataondoka. Moyo tutaulinda kwa chakula, mwezi ujao nirudi nikapimwe. Samli marufuku. Kauliza kwa nini sikuja siku ya kwanza.

Jumatatu, 18 Agosti
Maumivu yamepungua nusu. Nimelala kama mtu aliyetua mzigo. Mboga za majani tu, chumvi kidogo. Chakula cha mbuzi. Nakula.

Ijumaa, 22 Agosti
Msikitini kwa miguu yangu. Nimesujudu, nimeinuka pamoja na watu. Nimemwandikia Ramadhani asije kunichukua. Aje kusalimia.

Jumatatu, 25 Agosti
Baiskeli moja tu. Nimechuchumaa nikafunga mnyororo. Nimeinuka bila kushika ukuta. Hakuna aliyeona. Nikachuchumaa tena.