Bwawa la Hollis Limeinuka

Shoga Glenda, bwawa la kuogelea limeinuka! Si maji, bwawa lenyewe! Limetoka ardhini kama jino bovu. Usicheke.

Kibanda cha kando nilishamaliza kukiezeka mwenyewe, nikasema sasa nimwage maji nilipake bwawa rangi. Na mvua yote hii! Ardhi yetu ya Florida unaijua, chini ni maji matupu. Leo asubuhi yamelisukuma juu, tupu lilivyo.

Jirani Wendell akachungulia uani kwangu: "We Loretta, nani kakutuma kukausha bwawa msimu wa mvua?"

Nani! Na mume wangu Hollis, Mungu amrehemu, miaka ishirini aliimba hilo hilo: usilikaushe mvua zikinyesha. Na mimi namjibu, "Niondolee kelele, wewe na bwawa lako."

Futi nzima, Glenda. Limeinuka futi nzima!

Wendell akauliza, "Zege lote hilo linapasuka, hukusikia?" Nikamwambia sikusikia.

Wewe sikufichi. Nilisikia. Ko, ko, ko. Nikadhani Hollis yuko nje anapigilia misumari kibandani. Nilishammiminia kahawa yake ndipo nikakumbuka.