Mahindi ya Kuvu na Komoni Yako

Mdogo wangu Eliza,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote, pamoja na huyo jogoo wako asiyejua saa. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya Igamba imeshaanza kukung'ata? Mimi ni mzima wa kusimama. Kukaa na kuinuka ndiko kunakonishinda.

Ujue unasoma barua ya mtu mkubwa. Hapa Tunduma sura yangu imeenea kwenye simu za watu, hata madereva wa malori wanashusha vioo kunipungia mkono. Haya, usianze kuwatangazia majirani, ni uongo. Kilichoenea ni mikono yangu tu. Sura waliikata, eti inacheka hata pale inapotakiwa kuhuzunika.

Ni hivi. Kwenye ghala ninalolinda amekuja binti mmoja wa chuo, anaitwa Witness. Wasomi wakishafanya utafiti huandika makaratasi mazito, ambayo nadhani hata wao wenyewe hawayamalizi. Kazi ya Witness ni kuyafupisha yawe video ndogo ya Kiswahili, mtu aione kwenye simu akiwa sokoni. Ananisomea, halafu namrudishia kwa maneno yangu. Nikishindwa kurudisha, anafuta, anaandika upya.

"Babu, nimekuchagua kwa sababu hukumaliza shule," aliniambia.

"Ningemaliza, ungekosa kazi," nikamjibu.

Lakini nimechoka, mdogo wangu. Usiku nalinda, mchana narudia sentensi moja mpaka inaisha ladha mdomoni. Tukikaribia kumaliza, lori linapiga honi kwenye foleni ya mpakani, tunaanza upya. Lori likinyamaza, bodaboda. Bodaboda zikinyamaza, nakohoa mimi.

Video ya juzi ilihusu kuvu ya mahindi. Nikaambiwa nichambue, mazima huku, yenye kuvu kule. Nikachambua vizuri, kisha yale ya kuvu nikayatia kwenye ndoo na kuisogeza pembeni.

"Hayo unayapeleka wapi, babu?"

"Ya komoni hayo. Kwani kwenu mnatupa pombe?"

Nikacheka peke yangu. Witness alizima kamera, akanieleza taratibu kwamba kuvu ile ina sumu, wanaiita sumukuvu, na haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Inakula ini kidogo kidogo, miaka na miaka. Nikamwambia arudie. Si kwamba sikuelewa. Nilitaka safari ya pili aseme kitu kingine.

Maana nilikuwa nakuona wewe, Eliza. Wewe ndiye unayeonja kila pipa kabla ya wateja, na hujawahi kuonja kwa kijiko. Na Krismasi nilikukuta macho yana manjano. Nikakutania kwamba umeazima macho ya paka, ukasema ni moshi wa jikoni. Nilimuuliza Witness kama ndiyo sumu hiyo. Akasema yeye si daktari, hawezi kujua, ila macho ya manjano si ya kukaa nayo nyumbani.

Nikakupigia simu nikuambie uache kupikia mahindi ya kuvu. Ukanijibu, "Mama alipika hivyo hivyo, nawe ukanywa ukaota ndevu," ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Ndiyo maana naandika. Hata ukiichana barua hii, utakuwa umeshaisoma.

Sikukatazi kupika komoni. Nani atawanywesha wazee wa Igamba? Pika kwa mahindi mazima. Yale ya kuvu chimba shimo uyafukie, usiwape hata kuku.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie asijifanye hajaona hayo macho. Nisalimie mkweo Anyesi, na shangazi Tabia ambaye bado anasema mimi nilikufa. Mwinjilisti wetu naye, mteja wako wa mlango wa nyuma, mwambie namwombea.

Sasa nakudai. Siku ulipomkataa yule mchumba aliyekuwa ameshaleta ng'ombe, nani alikwenda kumwambia baba? Mimi. Na fimbo zako nikala mimi. Ukasema utanilipa nikihitaji. Basi nimehitaji, na jambo lenyewe ni dogo. Jumatatu vaa kitenge kizuri, panda gari, uende hospitali wakuangalie hayo macho. Wakikuuliza unaumwa nini, sema huumwi, una kaka msumbufu. Lakini nenda.

Ni mimi kaka yako,
Lazaro